Enzo Ferrari: Mtoto wa fundi chuma aliyeanza upya mara tatu

MTU aliyezoea kuvuka Mto Ruvuma na mizigo anajua kuthamini gari. Kwake yeye, gari zuri ni Land Cruiser isiyokwama mchangani, au Canter inayobeba magunia ya mchele na katoni za sabuni bila kuvunjika springi. Ferrari haimo katika hesabu hizo. Ni gari la chini mno, wengi wanalijua kwa viti viwili tu, na katika njia za mchanga za pwani ya Palma lingekwama kabla ya kumaliza kilomita ya kwanza.

Hata hivyo, jina hilo si geni. Katika marobota ya mitumba hazikosekani fulana na kofia nyekundu zenye picha ya farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Wapo pia wazee walioishi Mtwara, Lindi na Dar es Salaam ambao wanavikumbuka vituo vya mafuta vya Agip, vyenye alama ya mbwa mweusi wa miguu sita. Alama hiyo hiyo ilibandikwa kwa miaka mingi kwenye magari ya mashindano ya Ferrari. Kampuni mama ya Agip ni Eni ya Italia, ambayo Novemba 2022 ilisafirisha shehena ya kwanza ya gesi kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul, katika bahari ya Cabo Delgado.

Nyuma ya farasi huyo yupo mtu mmoja, Enzo Ferrari, aliyefariki dunia mwaka 1988. Kila mwaka watu kutoka pande zote za dunia hufika katika miji ya Modena na Maranello, kaskazini mwa Italia, kuyatazama magari yake ya zamani yaliyowekwa katika makumbusho. Wanayazunguka taratibu, wanapiga picha, wanainama kuchungulia injini. Si wengi wanaojua njia aliyopita mwenye magari hayo. Alikataliwa kazi, akazuiwa kutumia jina lake mwenyewe, kiwanda chake kikapigwa mabomu mara mbili, na akamzika mtoto aliyekuwa akimwandaa kuwa mrithi wake.

Mtoto wa fundi chuma

Enzo alizaliwa Modena Februari 18, 1898, lakini theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba kuzaliwa kwake kuliandikishwa siku mbili baadaye. Baba yake, Alfredo, alikuwa na karakana ya kufua na kuunga vyuma, iliyotengeneza pia vifaa vya shirika la reli. Nyumba ya familia na karakana vilikuwa mahali pamoja, hivyo Enzo na kaka yake, aliyeitwa pia Alfredo, walikua wakisikia nyundo asubuhi hadi jioni.

Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 10, baba yake alimchukua kwenda Bologna kutazama mashindano ya magari. Siku hiyo alishinda Felice Nazzaro akiendesha Fiat. Mtoto alirudi nyumbani akiwa na neno moja kichwani: dereva wa mashindano.

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga mipango hiyo. Mwaka 1916 baba alifariki dunia kwa homa ya mapafu na mwaka huo huo kaka yake naye akafariki. Karakana ikafungwa. Enzo alichukuliwa jeshini, katika kikosi cha mizinga ya milimani, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwapiga nyumbu viatu vya chuma. Aliugua vibaya, akaruhusiwa kuondoka jeshini.

Alirudi uraiani bila baba, bila kaka, bila karakana na bila fedha. Mwishoni mwa mwaka 1918 alikwenda Turin kuomba kazi katika kampuni ya Fiat, mkononi akiwa na barua ya kumtambulisha. Walimkataa, wakieleza kuwa kampuni haiwezi kuwaajiri askari wote wanaotoka vitani. Ilikuwa majira ya baridi. Alikwenda katika bustani ya Valentino iliyopo mjini humo, akaketi kwenye benchi na kulia. Benchi hilo hakulisahau.

Dereva na nembo ya farasi

Alipata kibarua katika karakana ndogo mjini Turin, iliyochukua chasisi za malori madogo yaliyotoka vitani na kuzigeuza kuwa magari ya abiria. Kutoka hapo alihamia Milan katika kampuni ya CMN, na mwaka 1919 akashiriki mashindano yake ya kwanza. Mwaka 1920 alijiunga na Alfa Romeo, na mwaka huo huo akashika nafasi ya pili katika Targa Florio, mashindano magumu ya milimani katika kisiwa cha Sicilia.

Ferrari alikuwa dereva mzuri, ingawa hakuwa miongoni mwa wale wakubwa kabisa. Mwenyewe alilijua hilo mapema. Kipaji chake kilikuwa kuwaona watu wenye vipaji na kuwakusanya pamoja: fundi huyu kutoka kampuni ile, mchoraji yule kutoka kiwanda kingine. Yeye ndiye aliyemshawishi mhandisi Vittorio Jano kuacha Fiat na kwenda Alfa Romeo.

Mwaka 1923 alishinda mashindano ya Savio, karibu na Ravenna. Hapo alikutana na baba wa Francesco Baracca, rubani wa kivita wa Italia aliyeangusha ndege 34 za adui kabla ya kuuawa mwaka 1918. Ubavuni mwa ndege yake rubani huyo alikuwa amechora farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mama yake alimshauri Ferrari aiweke picha hiyo kwenye magari yake ili imletee bahati. Ferrari alimwacha farasi mweusi, akaongeza rangi ya manjano nyuma yake kwa kuwa ndiyo rangi ya mji wa Modena. Nembo hiyo ilionekana mara ya kwanza kwenye magari ya timu yake mwaka 1932, katika mashindano ya saa 24 ya Spa, Ubelgiji.

Timu yenyewe, Scuderia Ferrari, aliianzisha mwaka 1929. Wakati huo haikuwa na magari yake. Ilikuwa ikiyaandaa magari ya Alfa Romeo na kuyaingiza mashindanoni. Ushindi uliozungumzwa zaidi ulipatikana Julai 1935 katika njia ya Nürburgring, Ujerumani, pale Tazio Nuvolari, akiwa na Alfa ya zamani isiyo na nguvu kubwa, alipoyashinda magari ya Mercedes na Auto Union mbele ya umati wa Wajerumani.

Mwaka 1938 Alfa Romeo iliamua kurudisha shughuli za mashindano mikononi mwake, na Ferrari akawa mwajiriwa tu. Mwaka uliofuata aliondoka. Mkataba wa kuachana ulikuwa na sharti zito: kwa miaka minne hakuruhusiwa kutumia jina la Ferrari katika mashindano. Alifungua kampuni Modena, akaiita Auto Avio Costruzioni. Mwaka 1940 ilitengeneza magari mawili yaliyoingia katika mashindano ya Mille Miglia bila kubeba jina la aliyeyatengeneza. Yote mawili yaliharibika njiani.

Kiwanda chini ya mabomu

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni yake ilitengeneza mashine za kusaga na kunyoosha vyuma. Mwaka 1943 aliihamishia Maranello, kijiji kilichopo kilomita 18 hivi kutoka Modena, ambako alikuwa na ardhi. Ndege za kivita zilikifuata huko huko. Kiwanda kilipigwa mabomu Novemba 1944, kisha Februari 1945.

Watu waliorudi Mocímboa da Praia na Palma baada ya kukimbia vita iliyoanza Oktoba 2017 wanaijua picha hiyo bila kusimuliwa. Unarudi, unakuta kuta bila paa, unaanza kwa kufagia. Ferrari alikuwa na umri wa miaka 47 vita ilipomalizika. Angeweza kuendelea na biashara ya mashine, kwani ilikuwa na wateja. Badala yake alimwita mhandisi Gioachino Colombo, aliyefanya naye kazi zamani, akamwomba achore injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 1.5. Katika nchi yenye uhaba wa vyuma, mpira na petroli, wengi waliona ni wazimu.

Machi 12, 1947 gari la kwanza lenye jina la Ferrari, aina ya 125 S, lilitoka kiwandani na kuingia barabarani, Enzo mwenyewe akiwa nyuma ya usukani. Mei 11 lilishiriki mashindano ya kwanza mjini Piacenza. Lilikuwa likiongoza, pampu ya mafuta ikaharibika, likasimama. Wiki mbili baadaye lilishinda mjini Roma.

Oktoba mwaka huo huo gari la Ferrari lilishinda Turin, katika mashindano yaliyopita ndani ya bustani ya Valentino. Baada ya shangwe kwisha, Ferrari alilitafuta lile benchi la mwaka 1918. Aliketi peke yake, akalia tena.

Magari yanayotazamwa leo

Miaka 20 iliyofuata ndiyo iliyozaa magari yanayowavuta watu makumbusho. Mwaka 1949 Ferrari ilishinda saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa mara ya kwanza. Julai 1951 José Froilán González wa Argentina aliipa ushindi wa kwanza katika mashindano ya dunia ya Formula 1, katika njia ya Silverstone, Uingereza, akiwashinda Alfa Romeo. Ferrari alifurahi na kuumia kwa pamoja, kwani aliiona Alfa kama mama aliyemlea. Alberto Ascari alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1952 na 1953, na Juan Manuel Fangio mwaka 1956.

Fedha za kuendesha timu zilitoka katika kuuza magari ya barabarani kwa matajiri. Mfanyabiashara yeyote ataielewa hesabu yake: mashindano yalikuwa tangazo, na mauzo ya magari yalilipa gharama za mashindano. Ferrari mwenyewe alijali zaidi injini. Umbo la gari aliwaachia mafundi wa bodi, na hapo ndipo alipokutana na Battista Farina, mwenye kampuni ya Pinin Farina ya Turin. Inasimuliwa kwamba mwaka 1951 kila mmoja alikataa kwenda kwa mwenzake, kwa kuwa anayekwenda huonekana ndiye mwenye shida. Hatimaye walikutana katika mkahawa mjini Tortona, katikati ya safari. Makubaliano yao yalidumu miaka mingi baada ya wote wawili kufariki.

Bodi nyingi za mashindano zilitengenezwa Modena katika karakana ya Sergio Scaglietti, fundi aliyegonga bati la aluminiamu kwa nyundo na kulikunja kwa kutumia jicho lake. Kutoka kwake lilitoka 250 GTO, lililotengenezwa kati ya mwaka 1962 na 1964. Yalikuwepo 36 tu. Moja liliuzwa kwenye mnada Agosti 2018 kwa dola za Marekani milioni 48.4, na Novemba 2023 jingine likauzwa kwa dola milioni 51.7. Anayelitazama kwa karibu huona kwamba upande wa kushoto na wa kulia havilingani sawasawa, kwa sababu ni kazi ya mkono.

Gharama ya sifa

Sifa hizo zilikuwa na bei yake. Ascari aliuawa mwaka 1955 akijaribu gari la Ferrari huko Monza. Eugenio Castellotti alikufa mwaka 1957, Luigi Musso na Peter Collins mwaka 1958, na Wolfgang von Trips mwaka 1961 pamoja na watazamaji 15.

Ajali iliyoiumiza zaidi Italia ilitokea Mei 12, 1957 katika Mille Miglia, mashindano ya maili elfu moja yaliyopita katika barabara za kawaida, mbele ya milango ya watu. Karibu na kijiji cha Guidizzolo tairi la gari la Alfonso de Portago lilipasuka. Alikufa yeye, msaidizi wake Edmund Nelson na watazamaji tisa, watano kati yao wakiwa watoto waliosimama kandokando ya barabara. Mashindano hayo yalifutwa. Ferrari alishitakiwa kwa kusababisha vifo, na kesi ilimning'inia hadi mwaka 1961 alipoonekana hana hatia. Gazeti la Vatican lilimlinganisha na Saturn, mungu wa hadithi za kale aliyekula watoto wake mwenyewe.

Mahakama ilimwachia, lakini wapo waliobaki na lawama hadi leo. Alijulikana kuwashindanisha madereva wake wao kwa wao, akiamini hofu ya kupoteza nafasi huongeza mwendo. Haiwezekani kuyasifu magari hayo mekundu na kuwasahau watoto wa Guidizzolo.

Dino

Wakati huo Ferrari mwenyewe alikuwa katika msiba. Mwanawe Alfredo, aliyeitwa Dino, alizaliwa Januari 1932, na mwaka uliotangulia, mtoto akitarajiwa, Enzo alikuwa ameacha kuendesha mashindanoni. Dino alisomea uhandisi, lakini mwili wake ulikuwa ukiisha nguvu kwa ugonjwa wa kudhoofika misuli. Baba alikuwa akiandika kila siku katika daftari chakula alichokula mwanawe na hali ya vipimo vyake, kana kwamba angeweza kumtengeneza kama anavyotengeneza injini. Akiwa kitandani, Dino alijadiliana na mzee Jano kuhusu injini mpya ya silinda sita. Alifariki dunia Juni 30, 1956, akiwa na umri wa miaka 24.

Injini hiyo ilipokamilika ilipewa jina lake. Baadaye magari ya barabarani ya silinda sita yaliitwa Dino, na injini ya lita 2.4 kutoka katika gari hilo ikawekwa kwenye Lancia Stratos, gari la mashindano ya mbio ndefu. Kwa njia hiyo jina la kijana huyo lilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1975, miezi michache kabla ya Msumbiji kupata uhuru Juni 25, Stratos mbili zilipambana na tope na vumbi la Kenya katika Safari Rally. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka 1977 Munari alikuwa wa tatu. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Barabara za Afrika zilipenda magari magumu kuliko magari mazuri.

Enzo alilitembelea kaburi la Dino kwa miaka yote iliyobaki. Alikuwa na mtoto mwingine, Piero, aliyezaliwa mwaka 1945 na mwanamke aitwaye Lina Lardi, nje ya ndoa. Mkewe, Laura, alipofariki mwaka 1978, ndipo Piero alipopewa rasmi jina la Ferrari. Mtoto huyo aliyefichwa kwa miaka zaidi ya 30 ndiye aliyekuja kurithi hisa asilimia 10 za kampuni.

Kuuza bila kujiuza

Mwaka 1963 kampuni ya Ford ya Marekani ilitaka kumnunua. Mazungumzo yalifika mbali, lakini Ferrari alipoona kwamba hatakuwa na kauli ya mwisho juu ya mashindano, aliondoka mezani. Ford walikasirika, wakatengeneza gari lao na kuishinda Ferrari huko Le Mans mwaka 1966, kisha mara tatu mfululizo baada ya hapo. Ferrari hawakushinda tena Le Mans kwa jumla hadi mwaka 2023, miaka 58 baada ya ushindi wao wa mwaka 1965.

Juni 1969 alikubali kuiuzia Fiat asilimia 50 ya hisa. Ni Fiat ile ile iliyomkataa mwaka 1918. Sharti lake lilikuwa lile lile alilowanyima Ford kwa kukosa: magari ya barabarani yangeendeshwa na Fiat, mashindano yangebaki mikononi mwake. Matunda yalionekana. Niki Lauda wa Austria alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1975 na 1977, na mwaka 1979 akafuata Jody Scheckter, Mwafrika Kusini aliyezaliwa East London. Hadi leo Scheckter ndiye bingwa pekee wa Formula 1 kutoka bara la Afrika.

Katika uzee wake Ferrari alivaa miwani ya giza hata ndani ya nyumba, aliandika kwa wino wa zambarau na hakupanda ndege. Hakwenda tena kwenye mashindano, aliyafuatilia kupitia televisheni na simu. Gari la mwisho kutoka kiwandani kwa idhini yake lilikuwa F40 la mwaka 1987, lililoadhimisha miaka 40 ya kampuni.

Enzo Ferrari alifariki dunia Agosti 14, 1988, akiwa na umri wa miaka 90. Kwa matakwa yake, dunia ilitangaziwa baada ya mazishi kumalizika. Wiki nne baadaye, Septemba 11, Gerhard Berger na Michele Alboreto walishika nafasi ya kwanza na ya pili wakiwa na Ferrari huko Monza. Katika mashindano yote 16 ya mwaka huo, hayo ndiyo pekee ambayo timu ya McLaren haikushinda.

Makumbusho ya Maranello yalifunguliwa mwaka 1990. Yale ya Modena yalifunguliwa mwaka 2012, katika jengo la kisasa lenye paa la manjano linalofanana na boneti ya gari. Pembeni yake imehifadhiwa nyumba ndogo ya matofali alimozaliwa Enzo, pamoja na karakana ya baba yake. Mgeni anayetoka kutazama magari ya mamilioni ya dola anaweza kuvuka ua na kuingia mahali ambapo fundi Alfredo aligonga vyuma vyake, watoto wawili wakimwangalia.